Kuanzisha tovuti ya habari za burudani na kuikuza: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka tovuti yake mwenyewe ya habari za burudani: muziki, filamu, vichekesho na watu wanaovifanya. Instagram na YouTube zitatajwa pia, lakini kama njia za kumfikia msomaji na kumleta kwako. Nimefuata zaidi mazingira ya Tanzania, na pale ambapo Kenya ina utaratibu wake nimegusia.

Kabla ya hatua zenyewe, tazama waliotangulia. Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti, alifungua blogu yake mwaka 2005, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanaifungua kila siku kujua nyumbani kuna nini: harusi, misiba, shoo, mechi. Baadaye zikaja Bongo5, tovuti ya Millard Ayo aliyekuwa akisikika Clouds FM kwenye kipindi cha Amplifaya, na tovuti ya Global Publishers, kampuni ya magazeti kama Ijumaa na Risasi. Michuzi alikuwa na kamera na alialikwa kila mahali. Ayo alikuwa na sauti inayojulikana na wasanii waliokuwa wakipita studio. Global walikuwa na waandishi waliozoea kukesha mitaani. Kila mmoja aliingia mtandaoni akiwa tayari ana kitu ambacho wengine hawana, na kazi yako inaanzia hapohapo.

Hatua ya 1: Jua una nini mkononi

Chukua daftari, andika majina ya watu wa burudani ambao ukiwapigia simu saa hizi watapokea. Wasanii, ndiyo, lakini pia mameneja, maprodyuza, madansa, wapiga picha za video, wasusi na wapambaji wa mastaa, walinzi wa kumbi, wauza tiketi. Kama majina hayafiki kumi, usinunue chochote bado. Tumia miezi miwili mitatu kwenda kwenye shoo ndogo, studio na uzinduzi, ukijitambulisha kwa heshima na kuchukua namba.

Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha uwanja wako. Ukikuta nusu ya namba zako ni za Manzese na Tandale, mitaa ya Dar yenye singeli, una tovuti ya singeli. Anayeishi Unguja na kujuana na vikundi vya taarabu ana habari ambazo chumba cha habari cha Dar hakizipati hadi wiki ipite. Muziki wa injili una mashabiki wengi na waandishi wachache. Mwanza, Mbeya na Dodoma zina wasanii wanaolalamika kila mwaka kwamba hakuna anayewaandika, na wanachosema ni kweli. Kuna pia wasikilizaji wa Kiswahili wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura, ambao wana wasanii wao na bado husoma habari za Dar na Nairobi kuliko za mjini kwao.

Anza na uwanja mmoja mwembamba. Anayetaka kuandika Hollywood, Bongo Movie, mpira na mapishi siku ya kwanza ataishia kunakili habari za wengine, na msomaji atagundua mapema sana kwamba alichokisoma kwako amekiona kwingine asubuhi.

Hatua ya 2: Jina na anuani

Jina liwe fupi, litamkike kwenye redio bila kulitaja herufi kwa herufi, na lisifanane na la tovuti iliyopo. Litafute BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama lipo wazi, kisha angalia kama jina hilohilo bado halijachukuliwa Instagram, TikTok, YouTube, Facebook na X. Yote yakiwa wazi, yachukue siku hiyohiyo.

Kwa anuani ya tovuti, .co.tz hupatikana kwa mawakala waliosajiliwa, na Kenya .co.ke iko chini ya KeNIC. Ukiweza, nunua na .com yake ili mtu asije akaitumia kukuigiza ukishajulikana.

Hapa kuna jambo moja ambalo naliomba ulizingatie kuliko mengine yote ya hatua hii: anuani na hostingi (seva inayobeba tovuti) zisajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako na namba yako ya simu. Wengi humwachia fundi afanye kila kitu kwa akaunti yake. Siku mkikosana, au fundi akihama nchi, tovuti yenye miaka mitatu ya kazi inabaki mikononi mwa mtu mwingine, na hakuna pa kwenda kuidai kwa haraka. Mlipe fundi kwa kazi yake, ila funguo ziwe kwako.

Hatua ya 3: Karatasi za serikali

Sajili jina la biashara au kampuni BRELA, au kama uko Zanzibar, BPRA. Jina la biashara ni rahisi na linatosha kuanzia. Kampuni itakufaa ukiwa na washirika, au ukitaka kufanya kazi na mashirika makubwa yanayodai nyaraka. Chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA na leseni ya biashara kutoka halmashauri.

Halafu kuna TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, kuchapisha habari mtandaoni kwa Tanzania Bara kunahitaji leseni. Wakati kanuni zile zinaanza, Juni 2018, blogu nyingi zilizimwa na wenyewe kwa kushindwa ada au kwa hofu, na baadhi hazikurudi tena. Kanuni zilitungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa 2022, ada na makundi ya leseni yakabadilika, kwa hiyo usitegemee kiwango ulichokisikia kwa rafiki. Nenda ofisi ya TCRA au kwenye mfumo wao, uliza leseni inayokuhusu, lipa, na weka kumbukumbu ya tarehe ya kuhuisha.

Sheria nyingine nne uzisome mwenyewe, maana zinagusa kazi ya kila siku:

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu taarifa za uongo. Faini yake ni kuanzia shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 14 cha sheria hiyohiyo kinahusu picha za ngono na adhabu yake ni kubwa zaidi. Zile video za faragha zinazovujishwa na watu kuziita konekisheni, usizichapishe, usiweke kiungo chake, usiweke hata kipande kilichofichwa. Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018 inayogusa mambo hayohayo.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Wewe na waandishi wako mtahitaji vitambulisho vya bodi hiyo, kwa hiyo swali la elimu ya uandishi liangalie mapema kabla hujaajiri.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA kwa Bara; Zanzibar ina sheria yake, chini ya COSOZA. Tutairudia kwenye picha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukikusanya majina na namba za simu za wasomaji, mathalani kwa shindano la tiketi, unaingia kwenye mamlaka ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na unapaswa kujisajili. Kenya wana sheria ya 2019 na ofisi ya kamishna wake.

Hatua ya 4: Jenga tovuti inayofunguka kwa bando dogo

Msomaji wako anatumia simu. Mara nyingi ni simu ya bei nafuu, kioo kimepasuka pembeni, na bando limebaki kidogo. Akibonyeza habari ikachelewa kufunguka, anarudi Instagram na haji tena.

WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, inatosha, tena inatosha kwa miaka mingi. Chagua muonekano mwepesi usio na mapambo, weka programu-jalizi (plugin) chache, na usiruhusu video ijicheze yenyewe. Kila picha ipunguzwe kabla ya kupandishwa: upana wa pikseli 1200 unatosha, na Google Discover, orodha ya habari ambazo Google humpendekezea mtu kwenye simu, hupendelea picha isiyopungua upana huo, kisha ibadilishwe kuwa WebP, aina nyepesi ya faili la picha, ili uzito ushuke. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kumaliza bando la msomaji mmoja kwa habari moja.

Kuijaribu, acha kompyuta. Azima simu ya zamani ya mtu, iweke kwenye 3G, fungua tovuti kwa Opera Mini na kwa Chrome, ukiwa ndani ya daladala. Utaona kila kosa ambalo fundi hakukuonyesha. PageSpeed Insights, huduma ya Google ya kupima kasi ya tovuti, itakupa takwimu za kumwonyesha.

Sehemu za tovuti ziwe chache mwanzoni. Habari, Ngoma mpya, Mahojiano, Wasifu na Ratiba zinatosha. Wasifu na Ratiba hudharauliwa na wengi, na nitaeleza kwa nini zina faida. Weka pia ukurasa unaosema tovuti ni ya nani, iko wapi, na namba ya kupiga mtu akilalamikia habari. Mwisho, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti na weka nakala rudufu inayojitengeneza yenyewe kila siku nje ya seva yako.

Hatua ya 5: Namna ya kupata habari na kuihakiki

Hapa ndipo tovuti zinapotofautiana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Habari za burudani hupatikana kwa watu wa pembeni ya staa. Prodyuza anajua ngoma iko tayari wiki kadhaa kabla haijatoka. Dansa anajua shoo imefutwa kabla promota hajatangaza. Mpambaji anajua harusi ipo. Watu hawa wapigie hata siku ambayo huna shida nao, waulize hali, waandike kwenye habari zao wenyewe. Prodyuza hasa: ngoma inapigwa redioni kutwa nzima na jina lake halitajwi, wakati ndiye aliyeitengeneza. Ukiwa na mazoea ya kuandika kila ngoma mpya pamoja na prodyuza, studio, mwongozaji wa video, mtunzi kama si mwimbaji mwenyewe, na tarehe kamili ya kutoka, wao wenyewe wataanza kukutumia taarifa.

Chanzo cha pili ni nyaraka, na wengi hawakigusi kabisa. TMZ, tovuti ya habari za mastaa ya Marekani, ilianzishwa mwaka 2005, na Juni 25, 2009 ndiyo iliyoutangazia ulimwengu kifo cha Michael Jackson kabla ya vyombo vikubwa. Mwanzilishi wake, Harvey Levin, ni mwanasheria, na sehemu kubwa ya habari za tovuti ile hutokana na mafaili ya mahakama. Kwetu pia staa akishtakiwa kuna hati ya mashtaka, kuna namba ya kesi na kuna tarehe ya kutajwa. Mtume mwandishi Mahakama ya Kisutu, Dar, akae ndani, aandike alichosikia hakimu akisema, na aondoke na tarehe inayofuata. Habari hiyo itakuwa bora kuliko kumi zilizoandikwa kwa kutazama video ya dakika moja nje ya geti. Na hadi hukumu itoke, mtu huyo aitwe mshtakiwa.

Sasa kiki, yaani tukio la kutengenezwa ili mtu azungumzwe. Kila anayeandika burudani hukutana nayo, na si kazi yako kuikwepa yote, maana nayo ni habari. Kazi yako ni kumpa msomaji ukweli wote unaouona. Dalili ni zilezile: wapenzi wanaachana siku chache kabla ya ngoma, picha zinafutwa Instagram usiku wa manane lakini akaunti ya menejimenti iko tayari na tamko asubuhi, meneja ambaye hapokei simu mwezi mzima leo anapokea kwa mlio wa kwanza, picha ya ugomvi ina mwanga mzuri mno. Ukiziona, uliza moja kwa moja kama kuna kazi inatoka, kisha andika vyote pamoja. Badala ya kichwa kinachosema fulani kamwaga fulani, andika: “Afuta picha zote za mpenzi wake Instagram, ngoma yake mpya inatoka Ijumaa.” Hujamtuhumu mtu, hujadanganya, na msomaji ameelewa.

Bifu nalo lina kanuni moja: usichapishe upande mmoja kabla ya kuutafuta wa pili. Piga simu, tuma ujumbe wa WhatsApp unaoeleza wazi unachotaka kuandika, mpe muda wa kujibu, hifadhi picha ya ujumbe huo. Asipojibu, sema hivyo kwenye habari.

Halafu kifo. Mchekeshaji Mzee Majuto alizushiwa kufariki zaidi ya mara moja kabla Mungu hajamchukua kweli Agosti 2018, na familia yake ililazimika kila mara kujibu simu za watu wanaolia. Weka sheria ya chumba chako na isivunjwe na yeyote, hata kama tovuti nyingine zote zimeshaandika: hakuna habari ya kifo bila mtu wa familia, au daktari au hospitali kwa tamko rasmi, au kiongozi anayesimamia msiba kuthibitisha kwa sauti yake. Chapisho la rambirambi la msanii mwingine si uthibitisho, maana naye kasoma mahali. Ukishathibitisha, msomaji anahitaji mambo ya msiba wenyewe: msiba uko wapi, mwili utaagwa wapi na saa ngapi, maziko ni lini na makaburi gani. Alipofariki mwigizaji Steven Kanumba, Aprili 7, 2012, maelfu walimiminika Leaders Club kumuaga. Watu wa namna hiyo wanatafuta ratiba, na ni wajibu wetu kuwapa iliyo sahihi. Picha ya marehemu hospitalini au kitandani haichapishwi.

Ukikosea, rekebisha juu ya habari ileile, andika kilichorekebishwa na saa. Usiifute kimyakimya, maana kuna mtu ana picha yake.

Hatua ya 6: Kuandika, vichwa na picha

Aya ya kwanza iseme nani, kafanya nini, lini, wapi. Mtindo wa kumzungusha msomaji aya nne ndipo umwambie jambo lenyewe unamchosha. Habari ya kawaida ikiwa na maneno 250 hadi 400 inatosha. Mahojiano na makala yapewe nafasi yake.

Kichwa kiahidi kile tu kilichomo ndani. “Hutaamini alichokifanya” huleta watu mara moja na kuwafukuza wiki ya pili. Weka jina la msanii mwanzoni, maana ndilo linalotafutwa Google, na tumia lugha ya mtaa pale tu wasomaji wa Mombasa na Bujumbura nao watakapoelewa.

Kwa picha, ujue kwamba picha aliyoiposti msanii ni mali ya aliyeipiga, isipokuwa kama wana makubaliano mengine. Kuandika “picha kwa hisani ya Instagram” hakukupi ruhusa. Mtafute mpigapicha, omba ruhusa kwa WhatsApp, mtaje jina chini ya picha, hifadhi jibu lake. Wengi hukubali bure kwa sababu hakuna anayewataja. Njia bora zaidi ni kupiga mwenyewe. Simu nzuri ya sasa inatosha kwa mahojiano na nje ya ukumbi, na kwa jukwaani kodi au nunua kamera iliyotumika yenye lenzi inayokubali mwanga hafifu. Miaka kumi ikipita, msanii yule aliyekuwa akiimba mbele ya watu hamsini akiwa nyota, picha zake za mwanzo zitakuwa kwako peke yako.

Hatua ya 7: Kalenda

Burudani ina misimu, na anayeijua hupata habari kabla hazijatokea. Februari ni Sauti za Busara, Zanzibar. Kabla ya Ramadhani kuna shoo za vunja jungu, kisha kumbi hutulia na kaswida na vipindi vya futari vinachukua nafasi. Sikukuu ya Idi taarabu na bendi hurudi kwa nguvu. Katikati ya mwaka kuna ZIFF, tamasha la filamu lililoanza 1998. Kabla ya msimu wa ligi, mara nyingi Agosti, kuna Simba Day na kilele cha Wiki ya Mwananchi ya Yanga, majukwaa ambayo msanii akipangwa kutumbuiza huanza kuzungumzwa wiki nzima kabla. Desemba ni shoo za kufunga mwaka na maharusi.

Andaa makala za kila msimu mapema: nani anapanda jukwaani, kiingilio, usafiri wa kurudi usiku, historia ya tukio. Hii ndiyo kazi ya sehemu ya Ratiba. Mtu akishajua kwako anapata shoo za wikiendi zenye saa na bei sahihi, atarudi kila Alhamisi bila kutumiwa kiungo.

Hatua ya 8: Wasomaji wanatoka wapi

Kuna watakaokuja kwa Google, wengine kwa mitandao ya kijamii, na wachache wanaokuandika wenyewe kwenye simu. Wachache hao ndio wa thamani zaidi na wataongezeka polepole.

Kwa Google, sajili tovuti kwenye Search Console, huduma yao kwa wenye tovuti, wasilisha ramani ya tovuti (sitemap), na tazama kila wiki watu walitafuta maneno gani. Utaona wanauliza mambo ya kawaida kabisa: msanii fulani ni nani, ana umri gani, kabila gani, anatoka wapi, mke wake ni nani. Majibu yaliyopo mtandaoni mara nyingi yamenakiliwa kutoka sehemu moja yenye makosa. Hapa ndipo Wasifu unapofanya kazi: muulize msanii mwenyewe kwenye mahojiano, andika ukurasa mmoja kamili, usasishe kila anapotoa kazi mpya. Ukurasa kama huo huleta wasomaji miaka mingi, wakati habari ya bifu huisha baada ya siku tatu.

Instagram na TikTok zitakuletea umaarufu kuliko wasomaji, kwa sababu watu hubaki humohumo. Zitumie kwa vipande vya mahojiano, na ndani ya video sema wazi kwamba mahojiano kamili yako kwenye tovuti. Chaneli ya WhatsApp inaleta watu wanaobonyeza kweli. Tuma habari tatu au nne bora kwa siku, si kila kitu. YouTube ianzishe mapema, kwa sababu mahojiano ya video yanaishi muda mrefu.

Walioko Muscat, London, Minnesota na kwingineko wasisahaulike. Wengine husoma usiku wetu au alfajiri yetu, wana intaneti nzuri, na matangazo wanayoonyeshwa hulipa zaidi.

Hatua ya 9: Pesa

Google AdSense, huduma inayoweka matangazo kwenye tovuti yako, hulipa ukifikisha dola 100, na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki malipo ni madogo. YouTube huanza kugawana nawe mapato ya matangazo ukiwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hivi viwili vitalipa hostingi na bando. Usiviwekee matumaini ya mishahara.

Mshahara hutoka kwa watangazaji wa moja kwa moja: kampuni za simu, vinywaji, mabenki, waandaaji wa shoo, maduka ya nguo na vipodozi ya Kariakoo yanayouza kwa Instagram. Tengeneza orodha ya bei ya kurasa mbili yenye takwimu zako za kweli za Google Analytics, picha ya mfano wa tangazo, na namba ya mtu mmoja wa kupigiwa. Duka dogo linalolipa leo kwa simu ni mteja mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni kubwa itadai LPO (oda rasmi ya manunuzi), ankara, risiti ya EFD (mashine ya kodi), itakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma, na mara nyingi itakulipa baada ya miezi miwili au mitatu. Dai cheti cha kodi hiyo kila inapokatwa, ukipeleke TRA mwisho wa mwaka. Na usiajiri mtu kwa pesa ambayo bado haijaingia benki.

Kampuni za kubashiri zitakuja na ofa nono mapema. Uamuzi ni wako, ila angalia kwanza umri wa wasomaji wako. Kwa maoni yangu, tovuti inayosomwa na wanafunzi wa sekondari ina kila sababu ya kukataa.

Bahasha nayo itakuja. Msanii chipukizi atauliza kuposti ngoma ni shilingi ngapi, meneja atakuachia kitu baada ya mahojiano. Amua mapema na waambie wote: habari haiuzwi, na anayetaka kutangaza ngoma yake atalipia nafasi iliyoandikwa TANGAZO juu kabisa, kwa bei moja kwa wote, na risiti atapewa. Siku mwandishi wako anapopokea elfu hamsini kwa siri, maneno mazuri anayoandika kuhusu msanii yeyote yanakuwa hayana maana tena, na wasanii wenyewe ndio wa kwanza kulijua hilo na kulisambaza.

Hatua ya 10: Kuongeza watu na kutunza ghala

Mtu wa kwanza kumwongeza awe mpigapicha au mpiga video, wa pili mwandishi, wa tatu mtu wa mauzo. Wengi hugeuza mpangilio huu na kuanza na msimamizi wa mitandao, kisha hakuna cha kusambaza. Waandishi wa mikoani na nchi jirani walipwe kwa habari, na walipwe siku mliyoahidiana, hata kama ni kidogo. Mwandishi wa Mwanza aliyelipwa vizuri mara tatu atakupigia wewe kwanza. Kila mmoja awe na mkataba wa ukurasa mmoja unaosema picha na sauti alizokusanya kazini ni za nani akiondoka.

Ukifika mwaka wa pili, anza kutunza ghala kwa makusudi. Picha nyingi za miaka ya mwanzo ya Bongo Fleva zilikuwa kwenye blogu za bure na tovuti ambazo wenyewe waliacha kuzilipia, na leo mtu akiandika historia ya wasanii wale anahangaika kupata hata tarehe. Kila mahojiano yahifadhiwe sauti yake kamili, si kipande kilichochapishwa tu. Kila picha ipewe jina la faili lenye tarehe, mahali na mhusika, mfano 2025-08-06_mkapa_jina-la-msanii, mara tu inapotoka kwenye kamera, kabla ya kulala. Weka nakala kwenye diski mbili za nje, moja ikae ofisini na nyingine nyumbani kwa mtu unayemwamini, na ya tatu mtandaoni. Mara moja kwa mwezi fungua mafaili machache kutoka kila diski uone kama yanasomeka.